Maharage Mia Moja ya Goti Langu

Shangazi aliyahesabu mwenyewe. Alikaa kwenye mkeka mbele yangu, akayatoa kwenye debe moja moja na kuyatia kwenye bakuli la bati. Maharage mia moja. Yalipotimia akaleta bakuli la pili, tupu, akaliweka upande wangu wa kulia.

“Sasa baba, sikiliza. Ukikunja goti mara moja, unatoa harage moja huku, unaweka huku. Yakihama yote, umemaliza kazi ya siku. Mimi nikirudi shamba naangalia bakuli tu, sitakuuliza.”

Nikasema sawa, shangazi. Nilisema kwa moyo mweupe kabisa, na anayesoma naomba aniamini hapo, maana huko mbele itakuwa vigumu.

Goti lenyewe ni la kushoto. Niliumia kwetu Mbeya, Ilomba, nyuma ya nyumba ya baba, na namna nilivyoumia ndiyo aibu ya kwanza, ingawa ni ndogo. Nilikuwa nafyeka majani kwa kwanja. Mimi nikiwa peke yangu sikai kimya, ndivyo nilivyoumbwa, na siku hiyo nilikuwa natangaza mpira. Timu ya Ilomba ilikuwa inacheza na timu ya Iyunga, uwanja umejaa hadi watu wako juu ya miti, na mimi ndiye mtangazaji na ndiye mshambuliaji pia. “Anampiga chenga mmoja! Anampiga chenga wa pili! Amebaki yeye na golikipa, wananchi!” Nikapiga. Kwanja likateleza juu ya majani mabichi likaja kuingia mguuni, chini tu ya kile kifupa cha mviringo cha goti.

Watu waliponiuliza, nilisema kwanja liligonga jiwe. Hapakuwa na jiwe.

Zahanati walinishona ngozi wakanionya: mguu ukikataa kunyanyuka, rudi upesi. Ulikataa na sikurudi. Wiki tatu nzima nilitembea nikiuburuta, kila anayeuliza namwambia unaendelea vizuri. Ndipo baba akanikuta nauinua mguu kwa mikono miwili kuupandisha kitandani, kama mtu anayepakia gogo. Alikaa akamwandikia barua dada yake aliyeolewa Iringa, kwa sababu huko kulikuwa na hospitali ya misheni yenye daktari wa mifupa.

Mimi na baba tuliondoka Mbeya na baridi ya mwezi wa sita, mimi nimekaa kiti cha pembeni, mguu nimeunyoosha njiani katikati ya basi, na kila anayeshuka ananiruka na kusema pole. Hospitali yule daktari alinieleza kwa utulivu. Kano imekatika, akasema, ile kamba ngumu inayovuta mguu ukanyooka, na vipande vyake vimekimbiana, kimoja juu, kingine chini. Akanipasua, akavirudisha, akavishona pamoja. Nilipoamka nilikuwa nimefungwa hogo jeupe la plasta kutoka pajani hadi kwenye kifundo cha mguu. Wiki sita.

Ukitaka nikwambie ukweli, nililipenda lile hogo. Nyumbani kwa shangazi nilikuwa mgonjwa na mgeni kwa pamoja. Mume wake alifanya kazi ya misitu Mafinga na kurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo kiti chake kilikuwa changu, na firigisi ya kuku ilikuwa yangu. Majirani walikuja kunipa pole, nami nikawasimulia habari za Mbeya hadi wanajishika mbavu. Shangazi alikuwa akiwaambia kwa fahari, “Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Hata maumivu hayamnyamazishi!”

Na nilikuwa na ndoto yangu. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa dereva wa lori la mizigo ambalo lilikuwa likilala kwenye yadi moja pale Iyunga. Barabara ya lami ilikuwa bado mpya, malori yanakwenda Zambia na kurudi Dar es Salaam, na kijana aliyeishia darasa la saba kama mimi hakuona kazi kubwa kuliko hiyo. Mjomba alikuwa ameniahidi. “Nafasi ya kujifunza ipo. Nitakushikia mpaka mwaka mpya. Lakini uje na mguu unaokunjika. Klachi haikanyagwi na gongo.” Klachi ni mguu wa kushoto. Kwa hiyo unaona mwenyewe, goti lile halikuwa goti tu.

Hogo lilipotolewa, mguu uliotoka ndani ulikuwa mwembamba, umepauka, una magamba. Niliuonea haya kama vile si wangu. Wakanipeleka chumba cha mazoezi, kwa bwana mmoja kijana, mpole, aliyevaa koti jeupe la mikono mifupi. Alikuwa na kifaa kama protrakta ya shule, chenye mikono miwili. Akaniambia nikunje mpaka ninapoweza. Akapima.

“Nyuzi thelathini. Klachi yako inataka tisini.”

Nilikuwa nimeshamsimulia habari za lori, bila shaka. Nilimsimulia kila mtu.

“Sikiliza ndugu yangu,” akasema. “Daktari amemaliza kazi yake, na mimi yangu ni kukuelekeza. Anayekunja ni wewe, kule nyumbani, mara mia kwa siku. Itauma. Usipokunja hii miezi miwili, kano itagandana na nyama, na hapo hata tukivuta kwa ng’ombe haitatoka.”

Shangazi alikuwa mlangoni akisikiliza. Ndiyo maana jioni ile akahesabu maharage.

Kesho yake alinichemshia maji, akanikanda goti kwa kitambaa cha moto, akachukua jembe akaenda. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikaanza. Jamani! Ilikuwa kama kufungua sanduku la chuma lililolala mvuani mwaka mzima, na hilo sanduku ni nyama yako. Jasho lilinitoka na baridi yote ile ya Iringa. Na zaidi ya maumivu, niliogopa. Nilikuwa nauona ule uzi wa daktari kwa akili zangu, mwembamba, unavutika, unavutika, halafu unakatika ta! Nilikunja mara kumi na mbili. Nikatazama bakuli. Maharage themanini na nane yalikuwa bado yananitazama.

Nikachukua bakuli nikamimina. Kwaa! Kazi ya siku imekwisha.

Shangazi aliporudi alitazama bakuli la kulia, akatabasamu, akasema, “Ndaga, baba. Ndaga fijo.” Alinishukuru kwa lugha ya kwetu, lugha aliyoisema mara chache tangu aolewe huko. Na mimi nikaitikia.

Siku ya pili sikukunja hata mara moja. Niliamka, nikamimina, kisha nikachukua ungo wake wa kupepetea, nikakaa kwenye kiti cha mume wake, mguu wa kushoto nimeunyoosha mbele kama mwiko, na ungo mikononi ndio usukani. Nikaondoa lori Iyunga. Nikapita Makambako, nikapita Mafinga, nikashuka mlima wa Kitonga kwa gia nzito nikisema mwenyewe “pole pole mama, pole pole.” Ruaha Mbuyuni nikasimama kumnunulia shangazi vitunguu. Kila nilipobadilisha gia nilikanyaga klachi, lakini klachi ya ndoto haitaki goti. Hilo sikuliona wakati ule. Niliendesha hivyo asubuhi nyingi, nikiwa na furaha ya kweli, na jioni shangazi ananikuta bakuli limejaa upande unaotakiwa.

Baada ya wiki kadhaa tukarudi kupimwa. Watu walikuwa wengi kwenye benchi la nje, mlango uko wazi. Yule bwana akaweka kifaa chake gotini. Akatoa, akaweka tena.

“Thelathini na mbili,” akasema. “Na hizo mbili nimekuongezea kwa kukuonea huruma. Unafanya mazoezi?”

“Nafanya.”

“Mara ngapi?”

Sikupata nafasi ya kujibu. Shangazi alikuwa ameshaingia.

“Mara mia! Kila siku ya Mungu, mara mia, nahesabu mimi mwenyewe kwa maharage. Hata Jumapili!”

“Mama, mguu hausemi hivyo.”

“Mguu hausemi? Tangu lini mguu ukawa na mdomo? Mimi nasema! Nakanda kila asubuhi, mtoto anakunja, nimerudi jioni kazi imekwisha. Sasa kama haupindi, si kosa lake. Mlimshona vibaya, mnatafuta pa kuegemea. Wewe bwana mdogo, hiyo mikono yako ni ya kuchinjia mbuzi, si ya kushika watu!”

Kule nje benchi zima likacheka. Mzee mmoja akadakia, “Mwambie, mama! Hata bega langu lilikuwa zima kabla sijaja hapa!” Na mama mmoja aliyekuwa na mkono uliokakamaa kwa kuungua akakusanya kanga zake akaondoka, akisema yeye basi, hataki kuharibiwa zaidi. Sijui kama aliwahi kurudi. Mpaka leo nikikumbuka habari hii namwona yeye kwanza, akishuka ngazi.

Yule bwana akamwacha shangazi aseme. Aliniangalia mimi. Aliniangalia kwa muda mrefu, kwa upole, kama mtu anayekushikia mlango upite. Maneno machache tu yangetosha. Nikajifanya nafunga kifungo cha shati.

Njiani shangazi aliniombea radhi. Yeye, kwangu. Alisema, “Nisamehe baba, nimekuleta kwa watu wasiojua kazi. Kaka yangu atanielewaje?” Nikamwambia usijali, shangazi. Ndivyo nilivyomwambia.

Jumapili akampelekea habari mwinjilisti wa usharika wao. Sikujua. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, magongo yangu ukutani, ninaota kama kawaida, mara nikasikia, “Tunaye mgonjwa wetu, kijana kutoka Mbeya. Amepasuliwa goti, anajitahidi kila siku kwa mazoezi, lakini goti limekataa. Tusimame tumwombee.” Wakasimama. Kanisa zima, wanaume kofia mikononi, kina mama na watoto mgongoni. Waliomba kwa sauti kila mtu kivyake, kama mvua juu ya bati. Bibi mmoja aliyepinda mgongo, ambaye kutoka mbele mpaka kwangu alikuja kwa kushika benchi moja baada ya jingine, akaweka kiganja juu ya goti langu na kusema na Mungu kwa Kihehe. Sikuelewa neno. Kiganja kilikuwa cha moto. Nilikuwa nafikiri kitu kimoja tu: Mungu anaombwa na watu wote hawa akunje goti ambalo mwenyewe nimekataa kulikunja, na Yeye habari za bakuli anazijua.

Hata hapo sikusema. Watu husema aibu humtoa mtu nje. Mimi ilinifunga ndani.

Kilichonitoa ni uji. Ijumaa iliyofuata niliamka nikaona shangazi amenitengea uji wangu, wake hakuna. Nikamuuliza.

“Nafunga,” akasema, akijifunga mkanda wa nguo kiunoni. “Kila Ijumaa, mpaka goti likunjike. Nimemwahidi Mungu.”

“Utalima na njaa?”

“Wengine wanalima na mimba, wewe.” Akacheka, akaenda.

Nilipobaki peke yangu nilivuta bakuli, na mkono ukakataa kumimina. Nikaanza kukunja. Nililia, sitaficha, mara ishirini, thelathini, nalia kama mtoto wa kunyonya, na kila niliposimama nilimwona shangazi yuko mlimani na jembe na tumbo tupu. Nilifika mia. Goti lilivimba likawa kama embe. Lakini mia ya siku moja haiwezi kulipia wiki tano, na hilo nilijua.

Jioni alirudi amechoka, akakaa chini kuchambua mboga, na vidole vyake havikuwa vinashika majani vizuri. Nikamwambia.

“Shangazi, mazoezi sikuwa nafanya.”

“Leo?”

“Tangu mwanzo. Maharage nilikuwa namimina tu.”

Aliendelea kuchambua. “Hata siku moja hukukunja?”

“Siku ya kwanza. Mara kumi na mbili. Na leo.”

Nilitamani anipige, alikuwa na mkono wa kupiga, baba aliwahi kutusimulia. Mwishowe akasema, “Yule kijana wa hospitali nilimwambia nini?”

“Shangazi…”

“Nakuuliza. Nilimwambia nini?”

“Ulimwambia… mikono yake ni ya kuchinjia mbuzi.”

“Mbele ya nani?”

“Mbele ya watu.”

“Na nini tena?”

“Kwamba walinishona vibaya.”

“Na wewe ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa pale.”

“Ulikuwa pale,” akasema. Akainuka na sufuria yake akaenda jikoni. Hakusema nami tena jioni ile, ila chakula alinipa, na ndani ya sahani kulikuwa na firigisi kama siku zote.

Nafasi ya Iyunga, niseme hapa hapa niachane nayo, sikuipata. Mwaka mpya ulifika goti liko kwenye nyuzi hamsini. Mjomba alinishikia nafasi mpaka siku aliyosema, akaongeza na wiki mbili zake, kisha akampa mwingine. Simlaumu. Siku hizi goti linafika themanini na kitu, na limegoma hapo. Niko Ilomba, nauza mafuta ya taa na chumvi kwenye kibanda cha baba, na malori nayasikia yanavyobadilisha gia yakipanda. Naweza kujua dereva mzuri kwa kusikia tu.

Lakini nilitaka kusimulia Jumatatu ya baada ya Ijumaa ile. Shangazi aliniamsha mapema. Alikuwa amevaa nguo za kanisani, na kwapani ameshika jogoo wake mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Tukaenda hospitali. Benchi lilikuwa limejaa kama siku ile, na baadhi ni walewale, yule mzee wa bega akasema, “Haya, mama mkali amerudi! Leo kuna mchezo!”

Shangazi hakugeuka. Alifika kwenye mlango wa chumba cha mazoezi, akamweka jogoo chini, akapiga magoti. Kule Iringa mwanamke kupiga magoti akimsalimia mkubwa ni jambo la kila siku. Lakini yeye alikuwa na wajukuu, na yule bwana angeweza kuwa mwanawe wa mwisho. Alipiga magoti yote mawili kwenye saruji, akakutanisha viganja.

“Baba,” akamwambia, yeye ambaye siku ile alimwita bwana mdogo, “nimekuja kuomba msamaha. Nilikutukana bure.”

Yule bwana akaruka kutoka kwenye meza. “Mama! Hapana, mama, inuka, watu wanaona.”

“Acha waone. Siku ile si walisikia?” Halafu, bila kunitazama, akasema, “Na huyu ana neno lake. Kwetu neno kama hilo halisemwi mtu amesimama.”

Nilisimama pale na magongo yangu. Benchi lote linanitazama, hata yule mzee. Nilijua napaswa kushuka, na goti la kushoto halikuwa na pa kukunjia. Nikaegemeza magongo ukutani, nikashika fremu ya mlango, nikashusha goti la kulia. La kushoto likabaki limenyooka, mguu umetokeza nje kwenye korido, muuguzi aliyekuwa anapita na ndoo ikabidi auzunguke. Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Nusu yangu imepiga magoti, nusu imesimama kama nguzo ya uzio.

“Nilikudanganya,” nikasema. “Sikuwa nakunja. Shangazi hakujua. Nilipokuwa nasikia anakutukana nilinyamaza.”

Yule bwana akanitazama jinsi nilivyokaa. Nadhani alitaka kucheka, na nadhani alitaka kulia vilevile. Akachuchumaa kando yangu, akashika kifundo cha mguu wangu wa kushoto.

“Usiinuke,” akasema. “Umeshashuka. Basi tuanzie hapa hapa.”

Akaanza kuurudisha mguu ndani, polepole, nami nikauma kola ya shati langu. Shangazi alikuwa bado ameketi juu ya visigino vyake. Nikamwomba, “Shangazi, inuka basi, tafadhali.”

“Siinuki,” akasema, “mpaka na wewe uwe umepiga magoti kama mtu.”

Sikuweza siku ile. Yule bwana alivuta, nikakaza, akapumzika, akavuta tena, na mguu ulisogea vidole vitatu ukakomea pale. Shangazi alingoja, magoti yake kwenye saruji ya baridi, macho yake kwenye goti langu. Mwishowe yule bwana akaniacha, akaenda kumshika mkono na kumwinua, naye akakubali, akijipangusa nguo. Kisha akarudi kuniinua na mimi, kwa sababu peke yangu nisingeweza.